Sura ya Sita: Mnaona Nini Hapa?

Jumatano ya Majivu inapokaribia, vifurushi vya vijitabu na mabango huanza kufika katika parokia za Jimbo Katoliki la Homa Bay, jimbo lililoundwa mwaka 1993 na ambalo waumini wake wametapakaa katika kaunti mbili, Homa Bay na Migori. Ni vijitabu vya Kampeni ya Kwaresima, vinavyotayarishwa na Tume ya Haki na Amani ya Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya. Kila juma la mfungo hupewa mada yake: ardhi, ufisadi, vijana, uchaguzi, mazingira, familia. Kila mada ina somo lake la Biblia. Na kila mada ina mchoro wake.

Mchoro wenyewe hauna makuu. Tuseme ni ofisi: mzee amesimama mbele ya meza na kofia yake mkononi, karani ameegemea kiti, kiganja chake kimefunguka pale chini ya meza. Nyuma yao foleni imefika hadi nje ya mlango. Jioni, jumuiya ndogo ndogo hukutana nyumbani kwa mmoja wao, viti vya plastiki vikiwa vimepangwa chini ya mwembe na watoto wamekaa kwenye mkeka. Kiongozi huinua mchoro ili kila mtu auone, kisha huuliza swali moja: mnaona nini hapa?

Swali hilo ni jepesi, lakini lina nguvu ya ajabu. Haliulizi picha inafundisha nini, wala padri angesema nini. Linauliza macho yameona nini. Kwa hiyo majibu ya kwanza huwa ya vitu: kofia, meza, kiganja, foleni. Mwalimu mstaafu na nyanya ambaye hakuwahi kukaa darasani huanza mahali pamoja, na mara nyingi nyanya ndiye anayeona kile ambacho mwalimu amekiruka, kwamba aliye wa mwisho kwenye foleni ni mama mwenye mtoto mgongoni. Baada ya hapo ndipo Biblia hufunguliwa, na somo hupokelewa na watu ambao tayari wana jambo mioyoni. Mwisho huamuliwa la kufanya. Hatua hizo tatu, kuona, kuamua na kutenda, zilianzishwa na Joseph Cardijn, padri wa Ubelgiji aliyewaunganisha vijana wafanyakazi katika miaka ya 1920. Matumizi ya picha kama kichocheo cha mazungumzo yaliingia Kenya kupitia mafunzo ya viongozi wa jamii yaitwayo DELTA, yaliyoanza 1974, yakichota fikra za Mbrazili Paulo Freire. Maaskofu wa Afrika Mashariki nao waliamua, 1973 na tena 1976, kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya hizi za majirani. Mambo hayo matatu yakakutana chini ya mwembe.

Sura hii inashikilia jambo moja. Picha ikitangulia maelezo, Maandiko husomwa kwa makini zaidi. Na picha iliyotoka mikononi mwa watu wa mahali penyewe hufanya kazi hiyo vizuri kuliko iliyoagizwa kutoka mbali. Kusini mwa Nyanza kuna mawe, rangi, mafundi na Ziwa Viktoria. Kinachokosekana ni anayeagiza kazi.

Wazo lenyewe ni la kale. Karibu mwaka 600, Papa Gregori Mkuu alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille, aliyekuwa amevunja sanamu za kanisani kwake. Gregori alimsifu kwa kuzuia watu wasiziabudu, lakini akamkemea kwa kuzivunja, maana wasiojua kusoma huzisoma kuta kama wengine wasomavyo vitabu. Jibu hilo lina maana ya pekee kwa nchi ya Wajaluo. Agano Jipya la Kijaluo lilitoka 1926, na Biblia nzima 1953. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, na kwa wengi hata baada ya hapo, mtu aliijua Injili kwa kuisikia na kuitazama.

Tatizo ni kile alichopewa kutazama. Mwaka 1940, Warner Sallman, mchoraji wa Chicago, alitoa picha ya kichwa cha Kristo: nywele ndefu za kahawia, uso mweupe uliogeuzwa kando, mwanga laini. Ilichapishwa nakala zaidi ya milioni 500 duniani kote, na hadi leo hukosi kukutana nayo, au na zilizoigwa kutoka kwake, kwenye kalenda za dukani, sebuleni na juu ya kiti cha dereva wa matatu. Ni picha ya upole, na wapo waliofarijika kwayo wakiwa wagonjwa. Hilo haliwezi kudharauliwa. Lakini ukiuliza watu wanaona nini, jibu huisha upesi: Yesu. Hakuna mahali, hakuna saa, hakuna kazi anayoifanya. Hakuna kinachomrudisha mtu kwenye sura na aya.

Linganisha na kuta za Kanisa la Mtakatifu James, Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya Mau Mau. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, kijana kutoka Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea sanaa Makerere, alichora humo matukio matano makubwa: kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni ile ambayo waumini huiona wakitoka nje ya mlango wa kanisa. Katika nchi iliyokuwa bado inavuja damu, mtu aliyesimama mbele ya Gethsemane ya Njau hakuweza kujifanya kwamba usaliti na kukamatwa usiku ni habari za Wayahudi wa kale. Njau aliendelea hadi kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi, 1965. Michoro ya Murang'a inastahili kutazamwa na kila mwanafunzi wa teolojia nchini.

Huko kaskazini mwa Kamerun, katika miaka ya 1970, padri Mfaransa François Vidil na Wakristo wa kabila la Mafa walichukua njia nyingine. Wanakijiji waliigiza matukio ya Injili wenyewe, wakaamua nani asimame wapi na ashike nini, wakapigwa picha, na wachoraji wakatumia picha hizo kutengeneza mfululizo uitwao Vie de Jésus Mafa. Mengi yaliamuliwa kabla brashi haijaguswa. Ili kuigiza Petro akimkana Bwana, lazima mtu arudi kwenye maandishi aulize: moto ulikuwa wapi? Kijakazi alisimama upande gani?

Swali la moto linatuleta ziwani.

Sura ya 21 ya Injili ya Yohana husomwa siku chache baada ya Pasaka. Wanafunzi saba wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Alfajiri mtu amesimama ufuoni, anawaambia watupe wavu upande wa kuume. Wanapata samaki wakubwa 153, na wavu haupasuki. Wakishuka wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Ni nani duniani anayeweza kuisoma sura hiyo kwa jicho pevu kuliko mvuvi wa Mbita, Sindo, Sori au Muhuru Bay? Anajua kuvua hadi alfajiri na kurudi na mashua tupu. Anajua wanawake wanaosubiri ufuoni na mabeseni, na deni la mafuta linalosubiri pamoja nao. Anajua kwamba samaki 153 si neno la kusema tu, ni mzigo unaohesabiwa mmoja mmoja kwa sababu wanagawana.

Na anajua mwezi. Omena, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa gizani, kwa taa zinazowavuta samaki juu, na mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hupotea na kazi husimama. Tarehe ya Pasaka nayo hupangwa kwa mwezi: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Maana yake ni kwamba Juma Kuu huangukia siku zile zile ambazo mbalamwezi humweka mvuvi wa omena nyumbani. Mchoraji akitaka kuichora Gethsemane ya ziwani kwa uaminifu, hana budi kuijaza mwanga wa mwezi, kwa sababu Pasaka ya Wayahudi ilikuwa sikukuu ya mwezi mpevu, na wale waliokuja na taa na mienge kumkamata Yesu walikuja usiku ambao mbalamwezi ilikuwepo. Kwa nini basi walibeba taa? Mtu anayeishi kwa taa na mwezi ataliuliza swali hilo. Msomaji wa haraka hulipita.

Kuna jambo jingine ambalo picha hulionyesha haraka kuliko maelezo. Yohana ametaja moto wa makaa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, Petro akiota moto na kumkana Bwana wake mara tatu. Mara ya pili ni hapa ufuoni, ambapo Petro huyo huyo anaulizwa mara tatu kama anampenda. Weka michoro miwili kando kwa kando, moto ule ule, mtu yule yule ameinama, na darasa zima la Sunday school litaona kile ambacho mhubiri angehitaji nusu saa kukieleza.

Kando ya ziwa sanaa ipo tayari. Mashua za mbao hupakwa rangi kali ubavuni, huandikwa majina ya wazazi na mistari ya Zaburi. Fundi anayechora jina kwenye mashua kwa mkono usiotetemeka anaweza kuchora Yohana 21 kwenye ukuta wa kanisa. Na kisiwani Mfangano kuna sanaa ya kale kuliko Ukristo wenyewe katika nchi hii: miviringo myekundu na myeupe iliyochorwa kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga, inayohusishwa na Watwa waliokaa huko kabla ya Wasuba, na ambayo wenyeji waliihusisha na mvua. Watu wa visiwa hivi walisoma kuta za mawe karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kushuka gatini.

Jiwe ndilo utajiri mwingine wa eneo hili. Kutoka barabara ya Rongo, ukikunja kuingia upande wa Kisii, utafika Tabaka, kwenye machimbo ya jiwe la sabuni. Jiwe hilo huchimbwa likiwa laini kiasi cha kukatwa kwa panga. Mchongaji hulipasua, hulipa umbo kwa panga, kisha hushika patasi na kisu kidogo kwa sura na vidole. Baadaye jiwe huenda kwa wanawake, ambao hulisugua ndani ya beseni la maji kwa msasa, wakianza na mkali na kumaliza na laini, hadi mikwaruzo iishe. Likikauka hupakwa nta na kung'arishwa kwa kitambaa. Hapo ndipo rangi hutokea: nyeupe, waridi, kijivu, wakati mwingine mshipa mwekundu unaokatiza kifuani mwa sanamu bila mchongaji kuupanga.

Tabaka hutengeneza viboko, sahani, chesi na mapango ya Noeli kwa maelfu, na mengi huenda ng'ambo. Lakini parokia ngapi za Migori, zilizo karibu hivyo, zina Njia ya Msalaba iliyochongwa kwa jiwe hilo? Mara nyingi kinachoning'inia ukutani ni karatasi za rangi ndani ya fremu, zilizochapishwa mbali, ambazo jua la dirishani limeshazichujua.

Njia ya Msalaba ndiyo ibada ya picha iliyo maarufu kuliko zote katika Kwaresima, na ndiyo pia inayodai usomaji makini kuliko zote. Vituo 14 tunavyovijua viliwekwa rasmi na Papa Klementi XII mwaka 1731. Ukivipitia na Injili mkononi utagundua kwamba si vyote vimo. Kuanguka mara tatu hakumo. Kukutana na Mama yake njiani hakumo. Veronika na kitambaa chake hayumo. Ni mapokeo ya sala, na yana uzito wake, lakini Mkristo ana haki ya kujua kipi kimeandikwa na kipi kimeongezwa na uchaji wa watu. Ijumaa Kuu ya mwaka 1991, Papa Yohane Paulo II aliongoza Roma Njia ya Msalaba ambayo vituo vyake vyote 14 vilitoka kwenye Injili, kuanzia bustani ya Gethsemane. Humo Petro anamkana Bwana, mwizi mwema anaahidiwa paradiso, Mama anakabidhiwa kwa mwanafunzi. Kwa kijana anayetaka kuyafahamu Maandiko, mazoezi bora ya Kwaresima ni kushika orodha zote mbili, azunguke kanisa kituo kwa kituo, aandike sura na aya chini ya kila picha, na aache pengo pale asipopata.

Kituo cha tano hakina pengo. Marko 15:21 inasema Simoni Mkirene alikuwa anatoka shamba, na inawataja wanawe, Aleksanda na Rufo. Kirene iko katika Libya ya leo. Ni mtu kutoka Afrika aliyeshikwa barabarani akalazimishwa kubeba mzigo usio wake. Machi na Aprili, Migori inapanda mahindi. Mvua ya masika imeanza, akiba ya mwaka jana imepungua ghalani, na mtu anayetoka shamba ana jembe begani na udongo miguuni. Kule Awendo, kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha Sony, ana panga na mikono iliyochanwa na majani. Mchongaji wa Tabaka akimpa Simoni jembe lile, na kumwonyesha akiliweka chini ili ashike mti wa msalaba, hajaongeza kitu kwenye Injili. Amelisoma neno moja ambalo wengi husoma harakaharaka.

Ijumaa Kuu huwa nzito katika kaunti hizi kwa sababu nyingine pia, na hapa picha inagusa kidonda. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, na asilimia 13 wa Migori, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi ya Ukimwi Homa Bay mwaka 1996, na 2001 wakaanza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo katika hospitali ya serikali, mapema kabisa nchini. Kabla ya dawa hizo, vijiji vizima vilizika vijana mfululizo, na nyanya wakabaki kulea wajukuu. Kizazi hicho cha yatima sasa ni watu wazima wanaokaa kwenye mabenchi ya kanisa. Wanaangalia msalaba gani?

Kati ya 1512 na 1516, Matthias Grünewald alichora mbao za altare kwa watawa wa Mtakatifu Antoni huko Isenheim, zilizoko leo Colmar, Ufaransa. Watawa hao waliendesha hospitali ya watu waliougua ugonjwa wa kuoza viungo, uliotokana na nafaka yenye sumu. Grünewald alimpa Kristo msalabani ngozi ile ile: rangi ya kijani, vidonda mwili mzima, vidole vilivyokakamaa. Mgonjwa aliyeletwa mbele yake alijiona. Mbao hizo zilifunguliwa kwa sikukuu, na nyuma ya msalaba akatokea Kristo mfufuka, mwili wake ukiwa na nuru, matundu ya misumari bado yakionekana mikononi.

Karibu miaka 500 baadaye, katika kijiji cha Hamburg, Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini, zaidi ya watu mia moja, wengi wao wanawake, waliichukua altare hiyo ya Isenheim na kuitarizi upya kwa uzi na shanga. Kazi hiyo, Keiskamma Altarpiece, ilikamilika 2005, wakati Ukimwi ulikuwa unawamaliza watu wa kijiji hicho. Ikiwa imefungwa, mahali pa msalaba pamesimama mjane aliyezungukwa na yatima. Ukifungua milango ya kwanza, kijiji kinaimba, samaki na ndege wamejaa, maisha yamerudi. Ukifungua ya ndani kabisa, kuna picha za nyanya watatu na wajukuu zao, wakubwa kama walivyo, wakimtazama mtazamaji usoni.

Homa Bay inaielewa kazi hiyo bila mkalimani. Wanawake wanaotarizi vitambaa vya makochi na kushona sare za vyama vya kanisa wamo katika kila parokia. Wameshafanya matanga ya kutosha kujua Isaya 53 inazungumza nini. Kitambaa kikubwa cha Kwaresima kilichotariziwa nao, kikatundikwa mbele ya altare kuanzia Jumatano ya Majivu, kingekuwa na mamlaka ambayo bango la kuchapishwa halina. Na desturi hiyo ipo duniani. Zittau, Ujerumani, bado kuna kitambaa cha Kwaresima cha mwaka 1472 chenye matukio 90 ya Biblia. Shirika la Kikatoliki la Misereor liliifufua desturi hiyo mwaka 1976, na 1978 lilimwachia Mwethiopia Alemayehu Bizuneh achore kitambaa kilichotundikwa katika makanisa ya Ujerumani. Ikiwa Wajerumani walifunga Kwaresima wakitazama mchoro wa Mwethiopia, Homa Bay haina sababu ya kungoja.

Wapo wasiokubaliana na haya yote, na hoja yao ni ya Maandiko. Homa Bay ni chimbuko la Waadventista wa Kenya: Arthur Carscallen na Peter Nyambo, Mmalawi, walifungua misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, na huko ndiko iliko nyumba ya uchapishaji ya Africa Herald. Waadventista hawashiki Kwaresima, na pamoja na Wapentekoste wengi huisoma Kutoka 20 kama kizuizi cha sanamu kanisani. Wanastahili kusikilizwa. Hata hivyo wao pia wamewafundisha watoto kwa picha miaka yote, na Mwadventista Harry Anderson ni miongoni mwa wachoraji wa Biblia waliojulikana zaidi katika karne ya 20. Mgogoro huu wote umo ndani ya habari moja ya Biblia. Hesabu 21, Mungu anamwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba, na waliomtazama wanapona. Wafalme wa Pili 18:4, Mfalme Hezekia anamvunja nyoka yule yule, kwa sababu watu wameanza kumfukizia uvumba. Yohana 3:14, Yesu anajifananisha naye. Aya hiyo husomwa Jumapili ya nne ya Kwaresima katika Mwaka B wa mzunguko wa masomo ya Misa. Picha ni halali maadamu inamwelekeza mtu mbele. Ikigeuka kuwa mwisho wa safari, Hezekia alikuwa sahihi. Kanisa Katoliki lenyewe huonyesha tahadhari hiyo, pale linaporuhusu misalaba na sanamu zifunikwe kwa vitambaa vya zambarau katika majuma mawili ya mwisho, ili macho nayo yafunge.

Legio Maria, kanisa lililozaliwa katika eneo hili mwanzoni mwa miaka ya 1960, lilikwenda mbali zaidi ya ukuta na kitambaa. Mwanzilishi wake, Simeo Ondeto, alikiweka kitovu chake Got Kwer, Migori, kilima ambacho waumini wanakiona kuwa Kalvari, na alizikwa huko 1991. Mafundisho ya kanisa hilo juu ya Ondeto hayakubaliki kwa makanisa mengine, na si kazi ya sura hii kuyapima. Lakini yeyote aliyeona kanzu zao za rangi zikipanda mlimani anafahamu jinsi watu wa hapa walivyotamani kuiona Yerusalemu katika ardhi yao.

Baada ya Mkesha wa Pasaka, wengi huacha kutazama, na hilo ni kosa, kwa kuwa Pasaka ni siku 50. Usiku wa Mkesha padri huchora kwenye mshumaa wa Pasaka msalaba, Alfa na Omega, na tarakimu nne za mwaka, kisha huchomeka punje tano za ubani. Ni mchoro ambao kila mtoto anaweza kuurudia kwenye daftari na kutafuta maana yake katika Ufunuo. Kusini mwa Italia, kati ya karne ya 10 na ya 13, sifa za mshumaa huo ziliimbwa kutoka kwenye magombo marefu ya ngozi. Katika mengi ya hayo picha zilichorwa kichwa chini kwa shemasi, ili gombo liliposhuka kutoka mimbarini waumini wazione zikiwa wima. Shemasi akisoma maneno, waumini wakasoma picha, kwa wakati mmoja.

Jumapili ya nne ya Pasaka husomwa Yohana 10, ambapo Yesu anajiita mlango wa kondoo. Migori ina darasa la aya hiyo lililojengwa na mababu: Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji yapata karne ya 16, kuta zikifika zaidi ya mita nne mahali pengine, na tangu 2018 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Watu na mifugo waliishi ndani. Milango yake ni myembamba na mifupi, hata mtu mzima huinama. Mpeleke mtoto pale, mwambie achore mlango kutoka ndani na kutoka nje, kisha msome sura hiyo pamoja.

Na kule Nyatike, kwenye migodi midogo ya dhahabu ya Macalder, vijana hushuka kwa kamba kwenye mashimo ambayo huporomoka. Jumapili ya tano ya Kwaresima, Mwaka A, husomwa Lazaro akiitwa kwa jina atoke kaburini. Bado tunangoja mchoraji atakayemchora akitoka katika shimo la Macalder, vumbi jekundu usoni, kamba kiunoni, na dada zake wawili wakiwa juu ya mdomo wa shimo.

Padri, mchungaji au mwalimu wa Sunday school anayesoma sura hii kabla ya Kwaresima ijayo bado ana muda. Asianze na vituo 14; aanze na kimoja, cha tano. Asome Marko 15:21 pamoja na fundi, Tabaka au kwenye karakana ya mashua Mbita, wakubaliane juu ya jembe. Amlipe fundi bei yake kamili bila kusihi apunguziwe kwa ajili ya Mungu, na jina la fundi liandikwe chini ya kazi. Siku ya kuizindua, ainue picha mbele ya watu, aulize wanaona nini, na angoje jibu kabla ya kuhubiri.